UZI: Miwani ya VR, gemu na manikini zenye sensa. Je, zinafundisha CPR kweli au ni mbwembwe?

Mkufunzi_Magotini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimeona humu watu wakibishana kama mafunzo ya CPR (kukandamiza kifua na kupuliza pumzi ili kumfufua aliyesimama moyo) kwa miwani ya uhalisia pepe, yaani VR, inayokuonyesha tukio la kompyuta kana kwamba uko ndani yake, yana maana au ni janja ya wauza vifaa. Mimi nafundisha huduma ya kwanza kwa watu wa kawaida, siyo madaktari: madereva, walimu, walinzi, wazazi. Karibu kila kifaa kilichotoka kimepita mikononi mwangu, kingine nimekipenda, kingine kinakula vumbi stoo.

Niweke msimamo mezani mapema tusizungushane. Vifaa hivi vina kazi yake, ila siyo kazi inayotangazwa. Tangazo linakuambia miwani itakufundisha kukandamiza kifua. Haiwezi. Inachofundisha vizuri ni yale ya kabla mikono haijafika kifuani: kumtambua mtu ambaye moyo wake umesimama, na kuamua kumshika. Na humo ndimo watu wanamokufia mbele ya macho ya kundi zima.

Kwanza mikono, maana wengine wanaingia uzi huu hawajui hata tunazungumzia nini. Mtu mzima: kitako cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yako juu ya viganja. Unabonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza unaachia kifua kirudi juu chote. Uliyefundishwa kupuliza, mibonyezo 30 kisha pumzi 2. Ambaye hukufundishwa, kandamiza tu mfululizo mpaka msaada ufike.

Hiyo sentimita 5 isikieni tu. Kuifikisha kwenye kifua cha mtu mzima ni kazi ya mgongo na uzito wa mwili, na dakika ya pili tu jasho linakutoka. Miwani haina kifua cha kukupinga. Unabonyeza hewa, au unabonyeza mto, na mto hauna mbavu.

Hili limepimwa. Mwaka 2018 kwenye tamasha la muziki la Lowlands, Uholanzi, watafiti waligawa wahudhuriaji makundi mawili. Moja lilifundishwa CPR ana kwa ana na mkufunzi kwa dakika 20, jingine likapewa miwani na simu yenye programu ya mafunzo. Matokeo yakatoka 2020 kwenye jarida la JAMA Cardiology. Kwenye kasi ya mibonyezo, watu wa miwani hawakuachwa nyuma. Kwenye kina waliachwa: wastani wao milimita 49, wenzao wa ana kwa ana milimita 57. Milimita 8 siyo mchezo, ndiyo tofauti ya kufika kwenye kiwango na kuishia mlangoni.

Kwa hiyo anayekuuzia miwani peke yake kama kozi kamili, mwambie arudi na manikini, ile sanamu ya mazoezi yenye kifua cha kubonyeza.

Sasa upande wa pili, ambao wakufunzi wa zamani hatupendi kuusema. Manikini inalala kimya. Unaifikia, unaitikisa mabega, haijibu, haipumui, unaanza. Safi kabisa. Binadamu hafanyi hivyo. Moyo ukisimama ghafla, wengi dakika za mwanzo wanakuwa na zile pumzi za kukata roho: mdomo unafunguka, kidevu kinajivuta juu, sauti inatoka kama mkoromo, halafu kimya sekunde kadhaa, halafu tena. Inakadiriwa zinaonekana hadi kwa watu 40 katika kila 100 wanaosimama moyo. Mtu anayeona hivyo mara ya kwanza anasema "anapumua huyo, mlazeni ubavu, mpeni hewa". Na dakika zinakwenda. Bila CPR na bila mashine ya kushtua moyo, kila dakika inayopita inakata kati ya asilimia 7 na 10 ya nafasi ya kupona.

Hakuna manikini yangu hata moja iliyowahi kukata roho mbele ya darasa. Video na miwani zinafanya hivyo, na unaweza kumrudisha mwanafunzi aangalie tena na tena hadi jicho lizoee. Hiyo pekee kwangu inatosha kuihalalisha miwani darasani.

Karibuni mchangie.

---

kipupwe77

Naweka kambi hapa. Nitarudi na swali.

---

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mkuu Mkufunzi, nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine naona mnabishana juu ya kifaa wakati ugonjwa uko kwenye ratiba.

Mimi ni muuguzi. Utaratibu wa miaka mingi ni kozi ya siku nzima, unapewa cheti, mnaonana baada ya miaka 2. Lakini mikono haijui kusoma tarehe ya cheti. Tafiti zimekuwa zikirudia jambo hilohilo: ustadi wa CPR unaanza kushuka ndani ya miezi 3 hadi 6. Mtu ana karatasi halali mfukoni na kina chake kimeshakuwa cha kupapasa.

Ndiyo maana American Heart Association (AHA), shirika la moyo la Marekani, walikuja na mpango wao wa RQI. Manikini inawekwa kwenye toroli wodini na kompyuta yake. Kila baada ya miezi 3 unapita hapo, unakandamiza na kupuliza dakika chache, kioo kinakuonyesha kina, kasi na kama unaachia kifua, basi, unarudi kwa wagonjwa. Hakuna ukumbi, hakuna siku ya semina, hakuna hotuba za ufunguzi.

Na ukitaka niseme kifaa kipya ninachokipenda, ni hicho: sensa ya ndani ya manikini inayokujibu palepale. Tangu 2019 AHA wanataka kozi zao za CPR ya watu wazima zitumie vifaa vya kutoa mrejesho. Zamani mkufunzi alikuwa anasimama pembeni anasema "bonyeza zaidi, bonyeza zaidi" kwa jicho la kukisia. Nimeona wakufunzi wenye uzoefu mkubwa wakimpitisha mtu, kisha sensa ikasema kifua hakirudi juu hata nusu. Kuegemea kifua hakuonekani kwa macho. Mtu anabonyeza vizuri, kasi nzuri, ila hainui uzito wake, na moyo haupati nafasi ya kujaa damu tena.

---

Mkufunzi_Magotini

Sista, hapo kwenye kuegemea umegusa mshipa. Na kwenye ratiba sina ubishi. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya miwani mara moja kwa miaka 2 na manikini ya zamani kila miezi 3, nachukua manikini kabla hujamaliza swali.

---

Fundi_Kodi

Mimi natengeneza programu za simu, swali langu ni la kiufundi. Simu zote zina sensa ya mwendo. Kwa nini mtu asishike simu viganjani, akandamize mto nyumbani, programu imwambie kina na kasi? Hakuna haja ya manikini wala miwani. Ukiongeza pointi na mashindano na marafiki, watu watafanya mazoezi wenyewe kila wiki. Mnapoteza muda na vyuma.

---

Mkufunzi_Magotini

Mkuu, kasi simu itakupa, tena vizuri. Kina ndipo itakapokudanganya. Sensa ya mwendo inapima umbali ambao simu imeshuka, haijui nani kashuka. Weka mtu juu ya godoro laini, bonyeza: godoro linazama sentimita 3, kifua sentimita 2, simu inakupongeza kwa 5. Tatizo hili lipo hata kwenye vifaa vya hospitali vya aina hiyo mgonjwa akiwa kitandani. Ndiyo maana tunasema mshushe sakafuni.

Kuhusu mashindano, nimeyatumia. Kuna manikini zinazounganishwa na programu, kila mshiriki ana gari lake la wagonjwa kwenye skrini, ukikandamiza vizuri linakimbia. Darasa linalipuka kwa kelele, hata yule aliyekuja kwa kulazimishwa na bosi anavua koti. Ila angalia kinachotokea raundi ya kwanza: kila mtu anaenda mbio. Mibonyezo 130, 140 kwa dakika. Ukivuka 120 kina kinaanza kupungua na kifua hakipati muda wa kurudi. Kama gemu yako inampa pointi mwenye kasi, umetengeneza mashine ya kufundisha CPR mbovu. Ukiitengeneza, mwadhibu anayekimbia na mwenye kuegemea, siyo mchelewaji peke yake.

Kwa upande wa kuamua, simu ina nafasi kubwa sana. Mwaka 2013 Resuscitation Council ya Uingereza, baraza lao la ufufuaji, walitoa filamu shirikishi inayoitwa Lifesaver. Mtu anaanguka mbele yako kwenye skrini, filamu inasimama, unapewa sekunde chache uchague cha kufanya, ukichelewa unaona matokeo. Ukifika kwenye kukandamiza, unashika simu unaishusha na kuipandisha kwa kasi inayotakiwa. Baadaye wakatoa toleo la miwani. Hawakudai simu itakupa kina. Walikuwa wanafundisha maamuzi, na wakayafundisha vizuri. Fuata njia hiyo.

---

Fundi_Kodi

Nimekuelewa. Hiyo ya godoro sikuifikiria kabisa. Nitaweka onyo la sakafu kabla programu haijaanza kuhesabu.

---

Mwalimu_Chaki

Habari zenu wadau. Sisi walimu tunasoma uzi kama huu tunacheka kidogo, maana miwani kwetu ni ndoto. Darasa lina watoto wengi, vifaa hakuna. Hoja yangu ni kwamba kuzama kwenye tukio hakuhitaji miwani. Watoto ni waigizaji wa kuzaliwa.

Ninavyofanya: nagawa darasa vikundi. Mmoja anaanguka, mmoja ni mpita njia, mmoja ni ndugu wa mgonjwa anayelia na kuvuta mkono wa mwokoaji, mmoja yuko nje ya mlango ndiye mpokea simu wa kituo cha dharura. Mwokoaji anapiga simu kweli, yule wa nje anamuuliza: uko wapi, anaitika, anapumua kawaida? Haoni kinachoendelea, anategemea maneno tu. Ukifika wakati wa kukandamiza, yule "mgonjwa" anaondoka, tunaweka chupa tupu ya maji ya plastiki ndani ya fulana iliyojazwa nguo kuukuu. Inabonyea, inarudi, inatoa sauti. Siyo sentimita kamili lakini mtoto anajua maana ya kubonyeza na kuachia.

Kitu kimoja nilikiona mara ya kwanza tu tulipofanya hivyo: kila mtoto alikandamiza kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika simu sikioni. Hakuna slaidi ingenionyesha hilo. Sasa tunafundisha wazi: bonyeza spika, weka simu sakafuni karibu na sikio la mgonjwa, mikono yote miwili kazini.

---

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mwalimu, hiyo ya spika itaokoa watu kuliko miwani zote za uzi huu.

Na watoto msiwadharau. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mpango wa Kids Save Lives: saa 2 kwa mwaka za kufundisha kufufua moyo shuleni, kuanzia umri wa miaka 12 au chini yake. Mtoto mdogo uzito wake hautoshi kufikisha kina cha mtu mzima, lakini anaweza kutambua, kupiga simu, kuleta mashine, na kumwelekeza mtu mzima aliyepigwa na bumbuwazi.

Denmark waliingiza CPR kwenye shule kwa sheria mwaka 2005, wakaiweka pia kwenye mafunzo ya leseni ya udereva, pamoja na hatua nyingine kama kusambaza mashine za AED (zile za kushtua moyo) na kuwaelekeza watu kwa simu. Kati ya 2001 na 2010, CPR inayofanywa na wapita njia ilipanda kutoka kama asilimia 21 hadi 45, na waliokuwa hai siku 30 baadaye walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Huwezi kusema ni shule peke yake, mambo mengi yalifanyika pamoja, ila hakuna miwani iliyohusika miaka hiyo.

---

kipupwe77

Swali langu sasa, na msinicheke. Mimi ni mwanamume. Akianguka mwanamke nisiyemjua hadharani, nifungue nguo zake mbele za watu? Kwenye mafunzo ya kazini kwetu manikini zilikuwa vifua vya wanaume tu, hakuna aliyeuliza.

---

Mkufunzi_Magotini

Hakuna wa kukucheka, ni swali zito. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba hadharani wanaume walipata CPR ya wapita njia asilimia 45, wanawake asilimia 39. Watu wanasita.

Jibu: kukandamiza hakuhitaji kuvua nguo. Mikono inakaa katikati ya kifua juu ya mfupa, palepale kwa kila mtu, siyo juu ya titi. Nguo inafunguliwa pale mashine ya AED inapofika, kwa sababu vibandiko lazima vishike ngozi: kimoja kifuani chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Sidiria ikizuia unaisogeza au unaikata. Waambie watu wawili wasimame wageuke, washike kanga au koti kama pazia. Wewe endelea.

Darasani siku hizi kuna fulana zenye matiti zinazovalishwa manikini ya kawaida. Nikizitoa kwenye begi, darasa zima linaangalia dari. Halafu wanacheka. Halafu wanakandamiza, na kicheko kinaisha. Bora aibu hiyo imalizike pale sakafuni ukumbini. Kwenye miwani vilevile, anayeandaa tukio anaweza kuamua mgonjwa awe nani: mwanamke, mzee, mtu mnene, mjamzito. Wengi bado wanaweka mwanamume wa makamo mwenye suti, sijui kwa nini.

---

Bibi_Mtandao

Mkufunzi wetu alisema ile sura ya manikini ni ya msichana aliyekufa maji. Alikuwa anatutisha au kweli?

---

Mkufunzi_Magotini

Ndivyo inavyosimuliwa bibi, kwa zile manikini za Resusci Anne. Mwaka 1960 Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins, chuo na hospitali ya Marekani, walichapisha kwamba kubonyeza kifua kwa nje kunaweza kusukuma damu, bila kupasua mtu. Mwaka huohuo Åsmund Lærdal, mtengeneza midoli wa Norway, akatoa manikini hiyo baada ya kushawishiwa na madaktari, akiwemo Peter Safar. Uso aliutoa kwenye kinyago maarufu cha msichana asiyejulikana, anayesimuliwa kuwa aliopolewa mto Seine, Paris, karne ya 19. Tuendelee kabla watu hawajaanza kuogopa kupuliza.

---

Mlinzi_Lango_B

Mimi niko kwenye ulinzi. Mwajiri mmoja niliyewahi kumfanyia kazi alituletea "mafunzo ya kisasa ya kuzama kwenye tukio". Hatukuambiwa kitu. Asubuhi tunabadilishana zamu, mwenzetu akaanguka getini, damu ya bandia imetapakaa, watu wanapiga kelele. Mama mmoja wa usafi ambaye mumewe alifariki ghafla muda si mrefu alizimia. Baadaye wakasema ilikuwa zoezi, wametupima. Mimi hilo nililichukia na mpaka leo nikisikia "tukio halisi" natoka chumbani. Mnasemaje?

---

Sista_Zamu_ya_Usiku

Pole sana kaka. Hiyo siyo mafunzo, ni kuviziana. Mwanafunzi anatakiwa ajue ni zoezi, ajue neno la kusimamisha, na aruhusiwe kutoka bila kuulizwa. Kabla ya kuanza mwezeshaji anauliza kwa upole kama kuna mtu aliyepoteza ndugu kwa namna hii karibuni. Baada ya zoezi mnakaa chini mnalizungumza: ulifikiria nini ulipomwona, ulikwama wapi, nini kilikusaidia. Mazungumzo hayo mara nyingi ni marefu kuliko zoezi lenyewe, na ndimo mtu anamojifunzia.

Jambo jingine: mtu mgeni kabisa ukimtupa kwenye kelele, giza na damu siku ya kwanza, kichwa kinajaa, hakibaki na kitu. Mwanzoni mahali patulivu, manikini, mikono tu. Ukiona mikono inajiendea yenyewe, ndipo ufungulie redio na kuleta ndugu wanaolia.

---

Mkufunzi_Magotini

Naongeza kitu kwa wakufunzi wenzangu. Kuna mtindo wa mazoezi ya mizunguko ya haraka uliotokea Johns Hopkins kwenye ufufuaji wa watoto, nimeuiba nikautumia kwa watu wa kawaida. Badala ya kumwachia mtu amalize tukio lote kisha umsomee makosa kumi, unamsimamisha palepale anapoteleza. "Simama. Ulipofika uliuliza 'jamani kuna mtu apige simu'. Hakuna aliyepiga. Rudi nyuma, ingia tena." Anaingia tena, safari hii anamnyooshea mmoja kidole: "wewe wa shati jekundu, piga simu ya dharura uweke spika. Wewe dada, kalete AED." Anaendelea hadi anapoteleza tena, unamrudisha tena. Mara ya nne anapita kama maji. Mtindo huu hauhitaji umeme.

Vyumba vya mafumbo navyo vimekuja, kundi linafungiwa, linatafuta namba ya kufungua sanduku lenye AED huku "mgonjwa" yuko chini. Watu wanafurahi, wanajifunza kugawana kazi. Mimi nimepunguza mafumbo, maana nilikuta washiriki wanakumbuka fumbo na wamesahau kina. Mafumbo yangu sasa yanatokana na kazi yenyewe: soma vibandiko, tafuta mahali pa kuvibandika, mgonjwa kalowa maji unafanyaje kwanza? Unamfuta kifua.

---

Mlinzi_Lango_B

Asanteni, nimepoa kidogo. Na kuhusu damu kuna njia gani ya maana? Sisi getini tunakutana zaidi na majeraha kuliko moyo kusimama.

---

Mkufunzi_Magotini

Hapo kuna kifaa rahisi ninachokipenda. Chukua kipande kinene cha sifongo, kitoboe shimo la kidole linaloingia ndani kwa mshazari, pitisha mpira mwembamba kutoka chini, unganisha na chupa ya maji mekundu. Mwenzako anaminya chupa, maji yanaruka kwa midundo. Kazi yako ni kuingiza kidole mpaka uone chanzo, kisha unasukumia kitambaa ndani ya shimo, tabaka juu ya tabaka, bila kutoa kidole cha kwanza kabla cha pili hakijashika, hadi shimo lijae. Halafu unabonyeza kwa uzito wote. Ukifunika juu kwa kitambaa kizuri bila kujaza, maji yanaendelea kutoka pembeni, unayaona. Anayejaribu mara moja anaelewa kwa nini bandeji nzuri ya juu haitoshi kwenye jeraha lenye kina.

Marekani kampeni ya Stop the Bleed ilianza 2015 kwa kufundisha raia mambo haya: kubonyeza, kujaza jeraha, na mkanda wa kubana damu kwa mkono au mguu. Mkanda unafungwa kati ya jeraha na kiwiliwili, siyo juu ya jeraha lenyewe wala kwenye goti au kiwiko, unazungushwa hadi damu isimame, unaandika saa. Unauma sana, mwambie mgonjwa mapema. Hii nayo miwani haiwezi kukufundisha, kwa sababu huwezi kujua "hadi damu isimame" ni nguvu kiasi gani mpaka uuzungushe kwa mkono wako.

Kwa aliyepaliwa, kuna fulana yenye kizibo cha sifongo, ukisukuma tumbo sawasawa kizibo kinaruka. Onyo: msifanyiane kwa nguvu misukumo ya tumbo wala mibonyezo ya kifua kwa mtu mzima wa afya eti mazoezi. Mnaweza kuumizana.

---

Mama_Wawili

Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Mimi nina watoto wadogo na tunaishi karibu na maji. Mmesema asiyefundishwa akandamize tu bila kupuliza. Je, kwa mtoto aliyezama ni hivyohivyo? Na kuna mafunzo ya miwani ya hilo?

---

Sista_Zamu_ya_Usiku

Dada, umeuliza swali lililokuwa halijaulizwa. Hapana, si sawa. Mtu mzima anayeanguka ghafla, damu yake bado ina oksijeni kiasi, kinachokosekana ni pampu. Aliyezama, na watoto wengi wanaosimama moyo, tatizo lilianza kwenye pumzi. Kwao kupuliza ni muhimu mno. Mtoe majini mahali salama, kama hapumui anza na pumzi, kisha mibonyezo na pumzi kwa zamu. Mtoto kina ni kama theluthi moja ya kifua chake, sentimita 4 hivi kwa mchanga, 5 kwa mkubwa kidogo. Usipoteze muda kumkamua maji tumboni wala kumning'iniza kichwa chini. Ukishindwa kupuliza kwa sababu yoyote, kandamiza hivyohivyo, usikae bure.

Miwani isikushughulishe. Tafuta kozi yenye manikini ya mtoto mchanga na ya mtoto mkubwa, na hakikisha unapuliza mwenyewe mpaka uone kifua kinainuka. Wengi wanashindwa hapo kwa sababu hawainui kidevu. Kwa mchanga kichwa kinabaki sawa tu, hakiinamishwi nyuma kama cha mtu mzima, na mdomo wako unafunika mdomo na pua yake kwa pamoja. Pumzi ni ndogo, ya mashavuni.

---

Mkufunzi_Magotini

Na Mama Wawili, nenda na mtu mwingine wa nyumbani kwako, yeyote anayebaki na watoto ukiwa haupo. Mfanye zoezi la simu aliloeleza Mwalimu, mmoja akiwa chumba cha pili. Mnaweza kulirudia nyumbani wakati wowote.

---

Mama_Wawili

Dada wa kazi ndiye anayebaki nao mchana. Nitaenda naye.